Moto wa Septemba unaanza Aprili: nyika za Handeni na Korogwe zinavyowaka

Ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Handeni mwezi wa tisa, kaa dirishani. Kuanzia pale unapoyaacha mashamba ya mkonge, utaona viraka vyeusi kandokando ya barabara, vingine bado vinafuka moshi. Kwa mbali kuna mstari mwembamba wa moto unapanda kilima, na ndani ya basi hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Tumezoea. "Watu wanaandaa mashamba," mtu atasema, halafu anarudi kwenye simu yake.

Mimi pia nilikuwa sigeuzi shingo, mpaka Septemba mwaka jana. Mjomba wangu analima mahindi na mihogo upande wa Handeni, na alikuwa anasafisha shamba kusubiri mvua za vuli. Akawasha moto saa nane mchana, baada ya kula. Haikupita nusu saa, moto ukavuka mpaka ukaingia kwa jirani. Michungwa arobaini na kitu, iliyokuwa ndo kwanza imeanza kuzaa, ikaungua. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini shauri lilifika kwa wazee, na mjomba aliuza mbuzi ili alipe.

Aliponisimulia aliuliza swali moja ambalo sikuweza kulijibu pale pale: "Mjomba, shamba ni lile lile, nachoma vile vile, mwaka wa kumi na mbili huu. Kwa nini safari hii?"

Makala hii ni jibu langu kwake. Twende taratibu.

Kuni haziwaki, kinachowaka ni gesi

Shuleni tulifundishwa kwamba moto unahitaji vitu vitatu: joto, oksijeni na kitu cha kuungua. Ni kweli, lakini inaficha jambo muhimu. Ule mwali unaouona haupo kwenye ukuni wenyewe. Upo kwenye gesi inayotoka ndani ya ukuni.

Nyasi ikipata joto, kwanza maji yaliyomo yanageuka mvuke, na hapo joto haliwezi kupanda sana mpaka maji yapungue. Yakiisha, joto linaendelea kupanda, na likifika kati ya nyuzi 200 na 300 za Selsiasi nyasi inaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi hizo zikichanganyika na oksijeni na kupata joto la kutosha, zinashika moto.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani, mbali na mapazia. Washa mshumaa, uache uwake dakika chache, kisha uuzime. Utaona uzi wa moshi unapanda. Haraka sogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye ule moshi, bila kugusa utambi. Mwali utaruka kupitia moshi na kuuwasha mshumaa tena. Kumbe moshi ule ulikuwa ni mvuke wa nta, na wenyewe unawaka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kuhusu moto wa porini ni hili: kuna maji kiasi gani ndani ya hizi nyasi? Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke, kuanzia joto la kawaida la mchana, kunahitaji takribani kilojuli 2,600. Hiyo ni nishati ambayo moto unalazimika kuilipa kabla haujapata gesi ya kuunguza. Maji yakiwa mengi, moto unashindwa kulipa na unazimika.

Kwa nini nasema Aprili

Handeni na Korogwe zina misimu miwili ya mvua. Masika ni kuanzia Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati, kuanzia Juni mpaka Septemba, kuna kiangazi kirefu, na upepo wa kusi unavuma kutoka kusini mashariki.

Wakati wa masika nyasi zinaota kwa kasi, na kwenye maeneo yasiyolishwa mifugo zinaweza kumzidi mtu urefu. Mwezi Aprili huwezi kuziwasha hata ukimwaga kibaba cha mafuta ya taa, kwa sababu nyasi mbichi inabeba maji kuzidi uzito wake yenyewe ikiwa kavu. Yaani ukiikausha ukabaki na kilo moja ya nyasi, ujue ilikuwa na zaidi ya kilo moja ya maji.

Mvua zinapokatika, nyasi zinaanza kugeuka rangi: kijani, kijani chenye manjano, manjano, kisha kahawia. Ikifika Septemba bua limekufa, halinyonyi tena maji kutoka ardhini. Kuanzia hapo unyevu wake unafuata hewa tu. Hewa ikiwa kavu, nayo inakauka. Hewa ikiwa na unyevu, nayo inalowa kidogo.

Hapa ndo penye jambo ambalo wengi tunalikosea. Wataalamu wa moto wanapanga vitu vinavyoungua kufuatana na muda vinaochukua kukauka au kulowa. Nyasi na majani makavu ni kama saa 1. Vijiti vya unene wa kidole ni saa 10. Matawi ya unene wa kifundo cha mkono ni saa 100. Magogo ni saa 1,000, yaani zaidi ya siku 40. Kwa hiyo manyunyu yaliyopita usiku, ambayo yanamfanya mtu aseme "leo ni salama, kumelowa," hayalindi chochote ikifika saa nane mchana. Gogo bado lina maji, lakini nyasi zilishakauka tangu saa nne asubuhi, na moto unasafiri kwa nyasi.

Jambo la pili linashangaza zaidi. Tunadhani mwaka wa ukame ndo mwaka wa moto mkubwa. Kwenye misitu minene ya milimani ni kweli, maana kule vya kuungua vipo siku zote na kinachokosekana ni ukavu. Kwenye nyika ya nyasi mara nyingi ni kinyume chake. Kiangazi kinakuja kila mwaka, ukavu haukosekani. Kinachobadilika ni wingi wa nyasi. Masika ikiwa nzuri, nyasi ni nyingi, na Septemba moto unakuta ghala limejaa.

Nani anawasha?

Radi inaweza kuwasha moto, lakini kwetu radi kwa kawaida huja pamoja na mvua. Katikati ya kiangazi, mbingu ikiwa nyeupe bila wingu, moto unaouona umewashwa na mtu. Na mara nyingi mtu huyo hakuwa na nia mbaya, alikuwa kazini.

Kuna mkulima anayeandaa shamba. Kuna mfugaji anayetaka nyasi kuukuu ziondoke ili mpya zichipue kwa ajili ya ng'ombe. Kuna mrina asali anayepanda mtini na kijinga cha moto, halafu akishuka anakitupa bila kukizima sawasawa. Kuna mchoma mkaa ambaye tanuri lake limepasuka pembeni usiku. Kuna wawindaji wanaochoma pori ili wanyama wadogo watoke. Na kuna mpita njia aliyewasha tu.

Hata mlimani hadithi ni ile ile. Moto mkubwa wa Kilimanjaro ulianza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, na TANAPA ilisema ulitokana na upashaji wa chakula cha msafara wa watalii. Ulidumu siku kadhaa na kuunguza takribani kilomita za mraba 95. Jiko moja la chakula, mwishoni mwa kiangazi, kwenye upepo.

Lakini ukiishia kumlaumu mwenye kiberiti hutaelewa moto. Moto ule ule ukiwashwa mwezi wa sita ungekufa baada ya hatua ishirini. Cheche ni ile ile, kilichobadilika ni mahali inapoangukia.

Moto unatembeaje

Moto unasogea kwa kukausha na kupasha joto nyasi iliyo mbele yake. Chochote kinachousaidia kuipasha haraka kinauongezea mwendo.

Upepo ni wa kwanza. Bila upepo, mwali unasimama wima na joto lake jingi linapotea juu. Upepo ukivuma, mwali unalala na kuzilamba nyasi za mbele. Ndiyo maana moto mmoja una tabia tatu kwa wakati mmoja. Kichwa kinakimbia na upepo. Mbavu zinatanuka pembeni kwa mwendo wa wastani. Mkia unarudi nyuma dhidi ya upepo, polepole, miali ikiwa mifupi. Mtu aliyesimama mkiani anaweza kuona moto mpole kabisa, wakati upande wa pili kichwa kimeshafika kwa jirani.

Mwinuko ni wa pili. Moto ukipanda mlima, nyasi za juu ziko karibu zaidi na mwali, kana kwamba upepo unavuma. Kuna kanuni ya kukadiria iliyotokana na kazi za mtafiti wa Australia, McArthur: kila digrii 10 za mwinuko zinaongeza mwendo wa moto takribani mara mbili. Mlima wa digrii 20 ni mara nne. Sasa tazama ile miteremko ya Usambara inayoikabili Mombo, au vilima vya kuelekea Bungu na Vugiri. Isitoshe, mchana jua linapasha miteremko joto na hewa inapanda, kwa hiyo upepo na mlima vinasukuma moto upande mmoja. Usiku mambo yanageuka, hewa baridi inashuka bondeni. Ndiyo sababu moto uliokuwa unakwenda juu mchana unaweza kukusogelea wewe uliye chini usiku.

Cha tatu ni cheche. Vipande vya magome, mabua na mavi makavu ya ng'ombe vinarushwa na hewa ya moto vikiwa bado vinawaka, vinaangukia mbele na kuanzisha moto mpya. Kwa hiyo mtu anayesema "kuna njia hapa katikati, moto hauvuki" anahesabu miali tu na kusahau kinachopita juu.

Hesabu ndogo tu, usikimbie

Mwaka 1959 mtafiti wa Marekani aitwaye Byram alitoa namna rahisi ya kupima ukali wa moto. Chukua nishati iliyomo kwenye kilo moja ya nyasi, zidisha kwa kilo za nyasi kwenye kila mita ya mraba, zidisha kwa mwendo wa moto. Jibu ni nishati inayotoka kila sekunde kwenye kila mita moja ya mstari wa moto.

Nyasi kavu kilo moja ina takribani kilojuli 18,000. Chukua pori lenye tani 4 za nyasi kwa hekta, ambazo ni kilo 0.4 kwa mita ya mraba.

Mkia wa moto ukirudi nyuma kwa mita 0.02 kwa sekunde, ukali ni 18,000 × 0.4 × 0.02, sawa na kilowati 144 kwa mita.

Kichwa kikienda mita 1 kwa sekunde, ambao bado ni chini ya mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, ukali ni 18,000 × 0.4 × 1, sawa na kilowati 7,200 kwa mita.

Birika la umeme la nyumbani ni kama kilowati 2. Kwa hiyo mkiani kila mita ni kama mabirika 72, na kichwani ni kama mabirika 3,600. Nyasi zile zile, siku ile ile.

Wazima moto wanakadiria kwamba watu wenye majembe na matawi mabichi wanaweza kuukabili moto ana kwa ana mpaka ufike kilowati 350 hivi kwa mita. Kwenye nyasi za mfano wetu, kiwango hicho kinafikiwa moto ukienda mita 3 tu kwa dakika. Ukiona unakwenda kasi kuliko hapo, usisimame mbele yake na tawi la mwembe. Kazi ifanyike mbavuni na mkiani, au muuache ufike mahali palipolimwa, au palipokwisha kuungua.

Kuchoma mapema au kuchoma mwishoni?

Jibu la haraka ni kusema "basi watu waache kuchoma kabisa." Ni jibu zuri kwenye semina. Shambani ni gumu kidogo.

Mwaka 1933, karibu na Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, maofisa wa misitu walianzisha jaribio kwenye msitu wa miombo, wa aina inayofanana na ile iliyotawala sehemu kubwa ya Handeni. Maeneo mengine waliyakinga na moto kabisa. Mengine waliyachoma mapema kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi. Mengine waliyachoma mwishoni, wakati kila kitu kimekauka. Baada ya miongo kadhaa, yaliyochomwa mwishoni yalikuwa yamepoteza miti mingi na kugeuka nyasi. Yaliyokingwa yalizidi kuwa mazito. Yaliyochomwa mapema yalibaki msitu wa miombo.

Sababu ni zile tulizoziona. Mwanzoni mwa kiangazi nyasi zina ubichi, moto ni wa chini, unaunguza viraka na kuruka vingine, na usiku unazimika wenyewe. Mwishoni moto ni mkali na unachukua kila kitu. Halafu kuna jambo la miombo yenyewe: miti mingi ya jamii hii inachipua majani mapya kabla ya mvua kuanza. Moto wa mwishoni unaikuta ndo kwanza imetoa majani laini, ikiwa imeshatumia akiba yake.

Mninga unaonyesha hili vizuri. Mche wake kwa miaka kadhaa unachipua wakati wa mvua na kufa juu wakati wa kiangazi, huku mzizi ukinenepa chini. Siku mzizi ukiwa na akiba ya kutosha, shina linapanda haraka ili kilele kipite urefu wa miali. Moto wa miali mifupi unaweza kukiacha salama. Moto wa Septemba wenye miali ya kumzidi mtu unakirudisha chini kila mwaka. Unaweza kuwa na pori lililojaa mizizi ya mninga bila kuwa na hata mninga mmoja wa kupasua mbao.

Kukinga kabisa pia kuna gharama yake. Ukizuia moto miaka mitatu bila kupunguza nyasi, zinarundikana. Mwaka wa nne mrina asali mmoja akikosea, moto utakaotokea si wa kupigwa na matawi. Kukinga kunafaa mahali ambapo kuna watu na njia za kuzuia moto zinazosafishwa kila mwaka.

Kwa wanafunzi wanaotaka kuyaona haya wenyewe: mfumo wa FIRMS wa NASA uko wazi bure na unaonyesha sehemu zenye joto la moto duniani kote. Fungua Handeni, linganisha Juni na Septemba. Kumbuka tu kwamba kifaa cha VIIRS kinaona vipande vya mita 375, na kinapita mchana mwanzoni na usiku wa manane. Moto mdogo uliowashwa saa kumi na moja jioni na kuzimwa saa moja unaweza usiuone kabisa. Na nukta nyekundu inakuambia kuna joto, haikuambii nani amewasha wala kwa nini.

Jibu kwa mjomba

"Mjomba, shamba ni lile lile, lakini mambo manne hayakuwa yale yale. Masika ilikuwa nzuri, na ile nyasi ya mpakani ambayo hukuifyeka ilikuwa mara mbili ya siku zote. Uliwasha saa nane, saa ambayo hewa ni kavu kuliko saa zote za mchana. Kusi ilikuwa inavuma kutoka kwako kwenda kwa jirani. Na shamba la jirani liko juu yako. Miaka kumi na moja ulikosa moja au mawili kati ya hayo. Safari hii yalikutana yote."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana zaidi: "Sasa nifanyeje? Trekta sina, vibarua sina hela ya kuwalipa."

Tulikubaliana hivi. Mwezi wa sita, mahindi yakiwa bado shambani na nyasi za mpakani zikiwa na ubichi, anafyeka ukanda wa mita nne au tano kuzunguka shamba na kuondoa takataka zake. Mabua ya baada ya mavuno, yale anayoweza anayaacha yafunike udongo, maana yanatunza unyevu na ni chakula cha ardhi. Yanayobaki anayarundika katikati ya shamba, mbali na mpaka. Kabla ya kuwasha anakwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 haimruhusu mtu kuchoma uoto ovyo bila kibali, na anamwambia jirani siku na saa. Anawasha jioni, upepo ukiwa umetulia, rundo moja moja, kuna watu na maji, na hakuna anayeondoka mpaka majivu yashikike kwa mkono.

Juzi alinipigia. Ukanda ameshafyeka. Aliyemsaidia kufyeka upande wa juu ni yule jirani mwenye michungwa.